Sura ya Sita: Gari la Thamani katika Vumbi la Taita

Tarehe 12 Februari 1916, majeshi yaliyopigana upande wa Uingereza yalijaribu kukiteka kilima cha Salaita, mashariki mwa Taveta, yakatimuliwa na askari wa Kijerumani waliokuwa wamejichimbia mahandaki. Wanahistoria huikumbuka siku hiyo kwa fedheha waliyoipata makamanda. Mimi huvutiwa na kampeni ile kwa sababu nyingine kabisa: magari. Miongoni mwa zana zilizoletwa Taita Taveta wakati huo kulikuwa na magari ya deraya yaliyoundwa juu ya chesisi ya Rolls-Royce Silver Ghost, gari ambalo huko London lilikuwa likiwapeleka mabwana na mabibi kwenye dhifa. Chesisi peke yake, kabla ya kuwekewa bodi, iliuzwa karibu pauni 1,000. Mahali pa viti vya ngozi na vioo pakawekwa mabamba ya chuma na bunduki ya rashasha, uzito ukapanda hadi kama tani 4, kisha gari likaingizwa kwenye miiba na vumbi jekundu, huku reli mpya ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Maktau ikiwaletea askari chakula na risasi. Hakuna aliyeuliza magari yale yatauzwa kwa bei gani vita vikiisha.

Na yalihimili. Sababu yake ilikuwa imeonekana miaka tisa kabla. Mwaka 1907 kampuni ya Rolls-Royce ilichukua gari moja lililopakwa rangi ya fedha, namba AX 201, ikaliendesha maili 15,000, yaani takriban kilomita 24,000, sehemu kubwa ikiwa ni kwenda na kurudi kati ya London na Glasgow usiku na mchana. Safari zilipokwisha likafunguliwa lote mbele ya wakaguzi na kila kipuri kikapimwa. Vilivyohitaji kubadilishwa vilikuwa vichache mno, gharama yake ikawa pauni 2 na ushee. Gari hilo bado lipo, na linahesabiwa kuwa miongoni mwa magari ya bei kubwa kabisa duniani. Thamani yake haikutokana na kufichwa. Ilitokana na zile kilomita.

Ninaanza na Salaita kwa makusudi, kwa kuwa swali la sura hii huulizwa siku hizi kana kwamba jibu lake linajulikana. Mtu amenunua gari la mamilioni. Je, aliendeshe kwa nguvu zake zote, apande nalo Wundanyi, aingie nalo Tsavo, alifurahie? Au alilinde lisichubuke, lisiongeze kilomita, ili siku ya kuliuza apate bei? Simama Voi mwezi wa Desemba, kwenye vituo vya mafuta kando ya barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, utaliona swali hilo likipita kwa magurudumu manne. Land Cruiser V8 ambayo iliundwa kuvuka jangwa inatambaa kukwepa jiwe la ukubwa wa ngumi. Mwenye gari anashuka, anainama, anapapasa bampa kwa kiganja, anashusha pumzi, anarudi kwenye lami. Milima ya Taita ataitazama akiwa ndani ya gari, madirisha yamefungwa.

Simcheki. Fedha ni zake na hofu ni yake. Ila nadhani wengi wanaoogopa hivyo wamekosea hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu.

Magari yako ya aina tatu mbele ya soko. Aina ya kwanza, ambayo ndiyo karibu yote yaliyoko barabarani, hushuka bei hata ukiyafanya nini. Aina ya pili hushuka polepole kwa sababu yanatafutwa kila mahali na vipuri vyake havikosekani. Land Cruiser ndiyo mfano ambao kila mtu wa Voi anaujua, maana ndilo gari la mbugani, la polisi, la shirika la misaada na la tajiri. Aina ya tatu ni adimu sana: yale yanayopanda bei kadiri yanavyozeeka. Mwenye gari la aina ya kwanza akilitunza kana kwamba ni la aina ya tatu, amejinyima raha bila faida.

Tazama jinsi gari linavyopimwa hapa Kenya. Mnunuzi huanza na herufi za namba. Namba za KD zilianza kutolewa mwaka 2020, za KB mwaka 2007, na kila mtu, hata kijana wa kuosha magari, anaweza kukuambia gari lina umri gani humu nchini kabla hujafungua mlango. Serikali nayo ina mtindo huohuo. Gari lililotumika linapoingizwa kupitia bandari ya Mombasa, Mamlaka ya Mapato huanza na bei ya gari jipya la aina hiyo, kisha hupunguza asilimia fulani kwa kila mwaka wa umri, na juu ya thamani inayobaki ndipo ushuru hutozwa. Kilomita haziulizwi. Halafu kuna sheria ya miaka minane, inayokataza kuingiza gari lililopita umri huo hata kama liliishi Japani chini ya turubai na kuendeshwa kwenda sokoni mara moja kwa wiki. Kwa kifupi, kinachoshusha bei ya gari la kawaida ni kalenda, na kalenda haisimami kwa sababu umeegesha.

Kilomita zenyewe, hata zikiulizwa, ni nani anayeziamini? Kurudisha mita nyuma ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kifaa, na wanunuzi wameumwa na nyoka huyo mara nyingi kiasi kwamba gari la miaka kumi lenye kilomita 40,000 huwatia shaka kuliko lenye 180,000. Kwa hiyo yule aliyejizuia kweli, aliyeliacha gari nyumbani akapanda basi, anafika sokoni na ukweli ambao hakuna wa kumsadiki.

Kuna jambo jingine ambalo walinzi wa magari hawapendi kulisikia: gari lisiloendeshwa huharibika pia, tena kimyakimya. Petroli iliyokaa kwenye tangi miezi mingi huchacha, ikaacha utando unaoziba mirija myembamba ya kupulizia mafuta. Betri hufa. Tairi lililobeba uzito mahali pamoja kwa muda mrefu hupata kibonyeo, na gari likienda husikika kama linachechemea. Sili za mpira za injini na giaboksi hutegemea oili ilowanishe kingo zake. Zikikauka hukakamaa, na siku utakayoliwasha huanza kuvuja. Diski za breki hushika kutu. Panya hutafuna nyaya. Ongeza joto la Voi, mji ulio kama mita 600 juu ya bahari na jua lake halina adabu, uone dashibodi inavyopasuka na taa za mbele zinavyogeuka manjano. Na ukisema utalihamishia Mombasa kwa usalama, hewa ya chumvi inakungoja kule.

Hayo yote hayamaanishi kwamba kuendesha kwa nguvu hakuna gharama. Ipo, na barabara za Taita Taveta zinaidai papo hapo. Tangu barabara ya Voi hadi Taveta iwekwe lami, mtu anaweza kuvuka kaunti nzima asiguse vumbi. Lakini toka nje ya lami hiyo, shika njia za mashamba ya mkonge au zile za mbugani, ukutane na udongo mwekundu ambao hata ndovu wa Tsavo wamegeuka rangi kwa sababu yake. Vumbi lake ni laini kama unga. Likipita kichujio cha hewa kilichochoka, huingia kwenye silinda na kusaga pete za pistoni. Hapo hakuna kelele wala onyo. Baada ya miezi kadhaa utaona tu injini inakula oili na moshi wa buluu unatoka nyuma. Mafundi wa Voi huanza uchunguzi kwa kukung'uta kichujio hicho, na mara nyingi hawahitaji kuendelea zaidi.

Kisha kuna mikunjo ya barabara ya changarawe, ile inayolitikisa gari mpaka meno yanagongana. Mwendo mdogo unaitikisa kila boliti. Mwendo mkubwa unayafanya magurudumu yaruke juu ya vilele vya mikunjo, safari inalainika, na ndipo dereva mgeni anapodhani ameshinda. Hajashinda. Tairi halishiki ardhi vizuri, kona ikija gari halitaki kugeuka, na shokabu zinachemka ndani mpaka oili yake inapoteza uzito. Wanaojua hupunguza upepo kidogo kwenye matairi, huchagua mwendo mmoja na kukaa nao, na husoma barabara mbali mbele ya boneti.

Na kuna mteremko wa Wundanyi. Kupanda kutoka Mwatate ni raha: kona juu ya kona, migomba, mashamba ya ngazi, hewa inapoa kila dakika. Kilele cha Vuria kilicho juu zaidi kinapita mita 2,200. Kushuka ndiko kunakotenganisha dereva na mshika usukani. Gari likienda kasi mara mbili, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka mara nne. Gari la tani mbili na nusu, abiria saba, mizigo juu, dereva ameweka gia kubwa na anaegemea breki tangu juu hadi chini. Maji ya breki yaliyozeeka yana unyevu ndani yake, unyevu ukichemka unakuwa mvuke, na pedali inazama hadi sakafuni. Hapo gari la bei kubwa na gari la bei nafuu huwa sawa. Dereva wa matatu anayepanda na kushuka huko kila siku huweka gia ndogo, akaiacha injini imshikie gari, akagusa breki kwa vipindi. Anaendesha kwa kasi kuliko mgeni, na breki zake hudumu zaidi. Namwamini dereva huyo kuliko vitabu vyote vya mwongozo vinavyokaa kwenye droo ya mbele.

Hapa ndipo ninapofika kwa watu waliolijibu swali letu vizuri kuliko wote, wale wa Safari Rally. Mashindano yale yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Waanzilishi wake, Eric Cecil akiwa mbele, walifanya jambo ambalo hadi leo naliona la busara: magari yaligawanywa katika makundi kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini. Yalitakiwa kuwa magari ya kawaida, yaleyale ambayo mkulima au mfanyabiashara angeweza kwenda kununua. Fikiria maana yake. Swali lililoulizwa barabarani lilikuwa hili hasa: kwa fedha hizi, gari gani litafika? Njia zake zilivuka Kenya, Uganda na Tanganyika, na Milima ya Taita ikawa miongoni mwa mahali palipoogopwa: njia nyembamba, kona zisizoonekana mwisho, mvua ya Pasaka inayogeuza udongo mwekundu kuwa sabuni.

Matokeo yake yaliunda soko la magari la nchi hii kuliko tangazo lolote. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Kwa muda mrefu baadaye, teksi za safari ndefu nchini Kenya ziliitwa Peugeot tu, hata watu wasiojua kuendesha walijua ni gari lisilolala njiani. Zikaja Datsun, kisha Toyota, na mapenzi ya vijana wa Kenya kwa Subaru hayawezi kuelezwa bila kumtaja dereva Patrick Njiru na vumbi lake la miaka ya 1990. Watu hawakuipenda Peugeot kwa sababu iliwekwa kwenye kioo cha duka ikang'aa. Waliipenda kwa sababu waliiona ikiadhibiwa.

Lakini tusidanganyike kwamba walioshinda walikuwa watu wa kukanyaga mafuta tu. Mwaka 1963 na mwaka 1968, katika magari zaidi ya 80 yaliyoanza, ni 7 tu yaliyomaliza, na mara zote mbili washindi walikuwa walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404. Bahati haimtembelei mtu hivyo. Kutoka 1953 hadi 1971 wakazi wa Afrika Mashariki ndio walioshinda kila mwaka, huku timu za viwanda zikileta madereva wa Ulaya wenye sifa kubwa na kasi kubwa zaidi. Wageni waliongoza asubuhi, jioni wakawa kando ya barabara wamefungua boneti. Ilibidi kungojwe hadi 1972 ndipo Hannu Mikkola na Gunnar Palm, wakiwa na Ford Escort, wavunje mwiko huo.

Mwalimu wa somo hili ni Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kukulia katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965 alishinda akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544. Halikuwa gari jipya. Lilikuwa limeshatumiwa na timu ya kiwanda katika mashindano, wakalinunua likiwa mtumba, wakalifungua na kulifunga upya kwa mikono yao, wakawashinda wenye magari mapya kwa zaidi ya saa nzima. Alirudia ushindi mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Takwimu inayonishangaza zaidi kuliko ushindi huo wa mara tatu ni hii: katika Safari 22 alizoshiriki, alimaliza 19. Kumbuka ni mashindano ambayo miaka mingine karibu kila mtu alishindwa kufika. Joginder aliendesha kwa kasi ambayo watu wa kawaida tungeiita wazimu, na wakati uleule alikuwa mtunzaji mkubwa wa magari. Kwake hapakuwa na mgongano. Alisikia chuma kikilalamika kabla hakijavunjika, kwa kuwa alikifunga mwenyewe.

Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano, mwaka 1973 na kisha minne mfululizo kuanzia 1979, alikuwa wa shule hiyohiyo. Porsche kwa upande wake, pamoja na utukufu wake wote, haikuwahi kushinda Safari ya asili. Mwaka 1978 ilileta 911 SC mbili zilizoinuliwa juu, zilizopakwa rangi za Martini. Vic Preston Jr alipata nafasi ya pili, Björn Waldegård ya nne, na ushindi ukachukuliwa na Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas.

Kisasi kilichelewa. Mwaka 2003 yalianzishwa mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic Rally, ambayo njia zake zimepita Taita Taveta mara nyingi, na kambi za usiku zikapigwa kwenye hoteli za Taita Hills. Humo sasa Porsche 911 zinatamba. Waldegård, ambaye alikuwa ameshinda kwa Escort mwaka 2007, alishinda kwa 911 mwaka 2011 akiwa na mwanawe Mathias. Stig Blomqvist alifuata mwaka 2015. Ukizisikia zikipita kwenye njia za mkonge karibu na Mwatate hutazikosea, sauti yake ni ya chuma kinachopasua hewa.

Haya ndiyo magari ninayotaka msomaji ayafikirie. Ni magari ya miaka ya 1960, 1970 na 1980. Mengine yangewekwa kwenye gereji yenye kiyoyozi yangepanda bei kila mwaka bila mwenyewe kufanya lolote. Badala yake yanapakiwa kwenye kontena, yanasafirishwa hadi Mombasa, yanaendeshwa maelfu ya kilomita juu ya mawe. Bima ya kawaida ya gari hailipi hasara ya mashindano. Mafundi wa Tuthill, kampuni ya Uingereza inayotengeneza nyingi za 911 hizo, hufanya kazi usiku kucha: hubadilisha giaboksi, hunyoosha sakafu, huchomelea mahali palipopasuka, asubuhi gari linatoka. Baada ya mashindano machache, vipande vingi vya gari la awali havipo tena. Mtu mwenye roho ya benki angeuita upotevu.

Mimi naona hesabu yao ni sahihi zaidi kuliko inavyoonekana, na mfano wa kuieleza uko chini ya ardhi hiyohiyo wanayoipita. Taita Taveta ni nyumbani kwa tsavoraiti, kito cha kijani ambacho Campbell Bridges alikigundua huku mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambacho kilipewa jina la Tsavo mwaka 1974. Ukienda kwa wafanyabiashara wa vito wa Voi utayakuta mawe ghafi kwenye vikaratasi. Jiwe ghafi lina uzito wote aliouumba Mungu, lakini bei yake ni ndogo. Likikatwa na fundi hupoteza mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito huo, na hapo ndipo bei hupanda mara kadhaa. Akilikata asiyejua, hupotea uzito na bei vyote viwili. Anayeogopa kulikata kabisa atabaki na uzito wake.

Soko la dunia la magari linaonyesha hayo, ingawa halikubaliani nami moja kwa moja, na sitajificha. Mwaka 2018 Ferrari 250 GTO ya mwaka 1962 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 48.4. Gari hilo liliendeshwa katika mashindano likashinda, na ushindi huo umo ndani ya bei. Mwaka 2022 Mercedes-Benz iliuza moja kati ya 300 SLR mbili za Uhlenhaut kwa euro milioni 135, na mbili hizo hazikuwahi kushindana hata mara moja. Ni ushahidi dhidi yangu? Labda nusu. Rudolf Uhlenhaut, mhandisi aliyeyabuni, alilitumia mojawapo kama gari lake la kazi, akilipeleka kwa kasi kwenye barabara za watu wote.

Ushahidi mgumu zaidi ni wa Datsun 240Z. Aina hiyo ndiyo iliyompa Edgar Herrmann ushindi wa Safari mwaka 1971 na Mehta mwaka 1973. Ilipotoka iliuzwa Marekani kwa takriban dola 3,500, gari la kijana mwenye mshahara. Januari 2020 moja ya mwaka 1970, iliyotunzwa ikatembea karibu kilomita 35,000 tu katika nusu karne, iliuzwa dola 310,000. Hapo mlinzi amelipwa, na vizuri. Lakini uliza kwa nini kuna watu duniani walio tayari kutoa fedha hizo kwa Datsun. Hawakuanza kuitamani kwa kuitazama ikiwa imefunikwa. Sifa yake ilichumwa na magari mengine, yale yaliyobondeka milango huku Taita na Tanganyika, na lile safi likaja kuvuna. Magari safi ya namna hii huishi kwa jasho la ndugu zake.

Porsche wenyewe wanalijua hilo kibiashara. Mwaka 2022 walitangaza 911 Dakar, gari jipya lililoinuliwa kwa ajili ya mchanga na changarawe, wakaahidi kutengeneza 2,500 tu. Kwa kuwa ni machache, wengi walioyapata wameyafungia. Sijui nicheke au nisikitike: gari limepewa shokabu za kuruka matuta, limepewa matairi ya jangwani, na kazi yake ni kusubiri bei ipande juu ya sakafu ya marumaru.

Turudi Voi, kwa mwenye Prado au Land Cruiser ambaye hatakuja kualikwa mnadani. Yeye hana gari la kuvuna sifa wala la kuuzwa dola 310,000. Ana chombo ambacho kila Januari mosi kitapungua thamani akiwa amelala. Jambo linalomhusu ni je, atapata nini kutoka kwake kabla hakijapungua, na akikiuza, atamthibitishia nini mnunuzi. Kuhusu la kwanza, siwezi kumchagulia, ila naona aibu kwa niaba ya mtu aliyemiliki gari la magurudumu manne ya kuvuta miaka saba na hajafika Mlima Kasigau. Wenye Probox za mizigo hawana anasa ya kujiuliza. Mkopo unadaiwa kila mwezi, gari likisimama ni hasara, na Probox iliyopakiwa hadi springi zikalala inapanda mlima kila alfajiri. Methali ya kitunze kikutunze wao huisoma kutoka mwisho: kwanza likutunze.

Kuhusu la pili, mambo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mnunuzi mzoefu hatumii muda wake kwenye rangi. Anakuja na fundi, na fundi anaingia uvunguni. Anatikisa gurudumu kusikia kama boljointi zimelegea. Anatazama bushi kama zimepasuka na shokabu kama zinavuja. Anafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma aone kama moshi unasukuma juu. Anavuta kapeti atafute udongo mwekundu, si kwa kuuchukia, bali kujua kama gari limewahi kuvuka mto likanywa maji. Halafu anaomba karatasi: risiti za oili, tarehe za kubadilisha maji ya breki, jina la gereji, kilomita zilizoandikwa kwa kalamu mwaka baada ya mwaka. Gari lenye kilomita 200,000 na bahasha ya risiti hizo huuzwa Voi kwa siku mbili. Lenye kilomita 60,000 na maneno matamu hukaa kando ya barabara na kibao kwenye kioo hadi namba ya simu ififie kwa jua.